Simu za Majirani kwenye Betri ya Rasoa

Marehemu baba alikuwa na taa moja ya mafuta, kule kwetu Vihiga. Tukiwa wenyewe aliushusha utambi hadi moto ukabaki kama punje ya mahindi. Mgeni akibisha, aliupandisha. Mafuta yakiisha, mama alimalizia kuchambua maharagwe gizani, kwa vidole. Nilimwona baba kuwa mtu mkubwa sana. Shule niliacha darasa la tatu, lakini somo hilo lilinikaa.

Nimeanzia mbali. Nilitaka kusema habari za sola.

Tulikaa jijini, Mountain View, upande wa Kangemi. Mke wangu Rasoa alikuwa na mapafu mabaya, akipumua kwa mtambo wa oksijeni. Stima ilikuwa ya kuja na kwenda, kwa hiyo tuliweka paneli nne juu ya mabati na betri ukutani. Fundi alinionyesha taa nne ndogo za kijani kwenye betri. "Mzee, ikibaki moja, chomoa kila kitu, bakisha mashine ya mama." Nilielewa. Sitasema sikuelewa.

Jumanne ile Rasoa alinicheka kwa kuvaa sweta ndani nje. Mchana, vijana wa maandamano na polisi wakapambana Waiyaki Way, barabara kuu ya kwetu. Siku tatu. Transfoma ikaungua, barabara ikafungwa, hospitali haikufikika. Masizi ya matairi yakalala juu ya paneli.

Siku ya tatu nikapanda juu ya mabati na kitambaa.

"Wewe mzee! Unarusha nini?"

"Nafuta sola, afande."

"Shuka!"

Risasi ikatoboa tangi la jirani. Nikashuka. Paneli mbili zilibaki na masizi.

Kisha wakaja akina mama. Wa kwanza Mama Brayo, wa mlango wa pili. "Baba Ken, Brayo hajarudi tangu jana. Niwekee chaji kidogo tu nimpigie."

"Si umwekee," Rasoa akasema kutoka kitini. "Siku hizi wewe ndiye kampuni ya stima."

Wakacheka. Kufikia saa tisa simu zilikuwa kama ishirini, kila moja na mama yake, kila mama na mtoto asiyejulikana aliko. Nikawatolea viti. Nilijisikia kama baba na utambi wake.

Saa kumi taa ilibaki moja. Niliiona. Mama Brayo alikuwa ameinamia simu yake kama anayebembeleza mgonjwa. Nikaona aibu kuchomoa. Nikajiambia, ngoja kidogo.

Betri ikalia mara tatu, kama kifaranga.

Mtambo ukanyamaza.

Nilichomoa simu zote kwa mkupuo. Mtambo haukuwaka tena.

Rasoa alinishika sweta. "Baba Ken," alisema. Hakumaliza.

Mama Brayo alikuwa ameshapata chaji. Alipiga, ikaita, ikaita. Kama kijana angejibu, ningekuwa na kitu cha kushikilia hadi leo. Hakujibu siku ile, wala nyingine.

Kesho yake barabara ilifunguliwa, tukampeleka Rasoa mochari. Nilirudi nyumbani kuchukua kitambulisho. Jua lilikuwa limetoka. Taa zilikuwa nne, zote kijani, na mtambo, ambao hakuna aliyekumbuka kuuzima, ulikuwa ukipumua peke yake kando ya kiti.

Nikauacha ukipumua. Mlango sikuufunga.

"Baba Ken, unaenda wapi?" Mama Brayo aliniuliza, simu mkononi.

Nilishika njia ya kwenda barabarani, na nyumba ile sijairudia.