Shemeji Wawili na Shamba la Bondeni

Bibi alipovunjika nyonga hakuweza tena kufika Handeni mjini kutoa ushahidi, basi baraza la ardhi likamfuata nyumbani Sindeni. Alikuja mwenyekiti na karani wake, wakawekewa viti kando ya kitanda. Mdai naye alikuwepo, maana sheria inataka anayekushtaki asikie unachosema na apate nafasi ya kukuuliza.

Mdai mwenyewe alikuwa babu mdogo, mdogo wake marehemu babu. Alidai kwamba shamba la bondeni, ambalo bibi amelitegemea tangu aolewe, yeye alimwazima kaka yake tu. Bibi akilikosa hilo hana lingine.

Nilikuwa na hasira naye hadi shikamoo yangu ilitoka nusu. Bibi hakuwa na hasira yoyote, na hilo liliniudhi zaidi. Wiki nzima nilikuwa nikimfunza: jibu ulichoulizwa, sema ulichokiona kwa macho yako, kisha nyamaza. Akasema amesikia.

Aliapa kwa msahafu, akaeleza vizuri kabisa jinsi yeye na mumewe walivyofyeka pori lile na kupanda minyaa mpakani. Mwenyekiti aliandika kila neno kwa mkono, halafu akamruhusu babu mdogo aulize maswali.

Sasa hawa ni shemeji. Tangu nipate akili sijawahi kuwasikia wakiongea bila kutaniana. Babu mdogo alisimama, akakohoa, akajitahidi kuwa mtu wa mahakamani, ikamshinda.

"Mke wangu, shamba lile ni la nani?"

"La kwako, mume wangu. Kwani mimi mwenyewe si wako?"

Karani alicheka. Mwenyekiti hakucheka, aliandika. Ukishaapa, jibu lako ni ushahidi, na mimi nikaona shamba linaondoka hivi hivi. Nilifungua mdomo, nikaambiwa niketi, sikuwa mtu wa kesi ile.

Aliyesema ni babu mdogo.

"Mheshimiwa, hilo usiliandike. Ni utani, na mimi ndiye niliyeanza. Shamba nalitaka, lakini silitaki kwa mzaha wa shemeji yangu."

Mwenyekiti alisema jibu halifutwi, ila maneno hayo nayo atayaandika, kisha akamtaka aulize upya. Babu mdogo akauliza kwa adabu, na bibi akajibu kwa adabu kwamba shamba ni lake yeye bibi. Akasomewa yote, akaweka dole gumba.

Hukumu ilipotoka, shamba lilibaki kwa bibi. Nilikwenda na soda kumpongeza, nikamkuta amegeukia mlangoni. Alisema shemeji yake hajapita tangu asubuhi. Nikamwambia aachane naye, si ameshashinda? Alinitazama kwa huruma, soda hakuigusa.

Jioni tukasikia kikohozi nje.

"Mke wangu, umeninyang'anya shamba. Haya, umepika nini?"

Bibi alianza kumtukana kabla hajaketi, huku machozi yanamtoka. Mimi nikamwamkia babu mdogo, shikamoo nzima safari hii, nikaenda kumtafutia sahani.