Niling'oa Nguzo za Mzee Ili Wazungu Wafurahi

Nimeua mtu, na aliyehukumiwa ni mwingine. Sikukusudia, lakini usinihurumie mapema. Soma kwanza, ndipo useme kama nilistahili hata kunywa maji ya watu wale.

Mimi ni Mnyaturu wa Singida. Shule niliiacha darasa la tano. Karo ilikuwepo, ila sikuweza kukaa pale wakati dirisha liko wazi. Nimeuza mitumba Babati, nimechuma kahawa Oldeani, nimekaanga chipsi Mto wa Mbu. Kila nilipofika niliuliza: hiki nini, kile kwa nini, zamani hapa alikaa nani. Udadisi ndio uliokuwa shule yangu. Na ndio ulioniponza!

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Karatu, nikiwavizia watalii wanaopita kwenda Ngorongoro. Siku moja gari la mama mmoja wa Kiingereza liliharibika, yeye na dereva wake wakawa wanangoja kifaa kutoka Arusha. Nikakaa naye nje ya gereji. Nikamuuliza: kwenu siku ya mapumziko mnakwenda kutazama nini, na simba hamna?

Akacheka. Akasema kwao ni pwani, na nyuma ya pwani kuna mashamba na vilima vya kondoo. Jumapili watu hupakia watoto kwenye magari, wakaione bahari, kisha waingie kwenye nyumba za wavuvi wa zamani. Ndani humkuta bibi amevaa nguo za enzi za mababu, anasokota sufu kando ya moto.

"Mnalipa kumwona bibi?"

"Tunalipa, tena tunapanga foleni. Halafu tunakunywa chai na keki."

"Na huyo bibi anaishi humo?"

"Hapana. Jioni anavua zile nguo, anapanda gari lake anakwenda kwake."

Maneno yale yaliniingia kama homa. Sikuwaza kingine wiki nzima.

Upande wa Qurus kulikuwa na mzee mmoja wa Kiiraqw. Nitamwita Gwandu, ingawa si jina lake. Alikuwa fundi wa nyumba na mabanda, na kijiji kizima kilimtegemea. Nilikuwa nimeshamchosha kwa maswali, akanieleza jinsi babu zake walivyochimba nyumba ndani ya mteremko na kufunika paa kwa udongo mpaka majani yakaota juu. Adui akipita, anadhani anatembea mlimani tu. Nikamwambia, "Jenga moja, Mzee. Mimi nitaleta wageni."

Akajenga. Miezi miwili, kwa mikono yake, kwa nguzo za mkaratusi nene kama paja. Alipomaliza aliipiga moja kofi, akasema, "Hapa hata ng'ombe kumi wakicheza ngoma juu, hakuna kitakachotikisika."

Mkewe, Mama Paskali, alipenda kunitania. "Wewe Mnyaturu ndiye wa kutufundisha nyumba za Wairaqw? Kwenu si mnakaa kwenye tembe, zile nyumba za paa bapa?"

"Tembe haifichi mtu, Mama."

"Basi hii yetu itakuficha wewe, siku wazungu watakapogundua Kiingereza chako!"

Wageni wakaja. Mama Paskali alikaa kwenye mafiga amevaa sketi ya ngozi yenye shanga, aliyoachiwa na mama yake. Mimi nikawaambia wageni kwamba nyumba ile ina umri wa miaka mia mbili. Mzee hakujua Kiingereza, lakini aliwasoma nyuso. "Wewe unawapa wanachokitaka," aliniambia akicheka. "Mwisho utawaambia nilizaliwa kabla ya shimo la Ngorongoro."

Halafu siku moja mzungu mmoja mrefu akashika nguzo, akainusa. Akasema mti huu bado una harufu ya majani, miaka mia mbili iko wapi? Wenzake wakaangua kicheko. Wakanicheka mbele ya dereva wao, na dereva naye akacheka!

Aibu ile haikunitoka. Sijui kwa nini. Nimewahi kufukuzwa na mbwa, nimewahi kulala mahabusu, sikuona aibu kama ile.

Siku chache baadaye Mzee Gwandu alikwenda Mbulu kumzika kaka yake. Mimi nikaona nafasi. Nikatafuta nguzo za banda lililoanguka miaka mingi, nyeusi, zimepasuka, zinapendeza kwa uzee. Ndani mchwa walikuwa wameshakula, lakini mimi nilitazama nje tu. Nikang'oa nguzo tatu za katikati, zile zinazobeba paa, moja baada ya nyingine, nikasimamisha zile mbovu na kuzipaka masizi na mafuta. Nguzo za Mzee nikazisukumia korongoni.

Mama Paskali akanikuta nafuta jasho. "Baba Paskali anajua?"

"Anajua, Mama. Tulikubaliana kabla hajaondoka."

Akanitazama kidogo. "Mbona hakuniambia? Huyu mtu huniambia hata kuku akitaga." Kisha akarudi kwenye kazi zake. Aliniamini. Ee Mungu wangu, aliniamini!

Siku ya tatu baada ya kubadilisha nguzo, mvua ilianza alfajiri. Wageni walikuwa waje saa nane mchana, wakachelewa. Walikuwa bado ndani ya kreta ya Ngorongoro wanamtafuta faru. Mama Paskali alikuwa ndani ameshavaa. Akaniita.

"Mwanangu, udongo unanidondokea kichwani."

"Ni panya hao, Mama."

"Panya gani wa kudondosha udongo wenye maji? Acha nitoke nipate hewa."

"Usitoke! Watafika sasa hivi. Wakikukuta umekaa hapo kwenye moto, picha inakuwa nzuri."

Akacheka. "Haya bwana. Picha."

Nikapanda barabarani kuwatazama wageni. Sauti niliyoisikia nyuma yangu haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anapoketi kitandani. Nilipogeuka, mteremko ulikuwa umebonyea, na moshi ulikuwa unatoka kwenye udongo.

Nilipiga kelele. Watu wakaja na majembe, wengine wakachimba kwa mikono. Tulipomfikia alikuwa bado amekaa, kama nilivyomwagiza.

Na wakati huohuo gari la wageni likafika! Wakashusha vioo. Mmoja akauliza wale watu wanafanya nini. Unajua nilimjibu nini? Nilitabasamu. Nilisema wanakarabati nyumba, waje siku nyingine. Nilikuwa na tope hadi kwapani, nami nikatabasamu. Wakapiga picha, wakaondoka.

Hilo si baya kuliko yote. Zile nguzo mbovu zilikuwa zimelala juu ya udongo, na yeyote ambaye angeziangalia angejua. Akina mama walikuwa wanatafuta kuni za msiba. Nikazipasua mimi mwenyewe, nikawapelekea. Chai ya msiba wa Mama Paskali ilichemshwa kwa nguzo zilizomuua, na nilipopewa kikombe nilikunywa.

Mzee alirudi kesho yake. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile shimo, akachuchumaa, akachukua udongo akaufinyanga mkononi.

"Nilijenga vibaya," akasema. "Nimemuua mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua tatu. Mdomo wangu ulikuwa mzima na ulimi ulikuwa mzima. Sikusema neno.

Shemeji zake walimjia juu palepale. "Umemfukia dada yetu kwa tamaa ya wazungu! Fundi gani wewe?" Mkubwa wao alimtemea Mzee mate miguuni, mbele ya watoto wa Mzee mwenyewe. Mzee aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwita kusimamisha hata nguzo ya banda la mbuzi. Mimi niliondoka baada ya mazishi, nikaenda kujificha mbali, Soitsambu, nikauza dukani kwa mtu na kuchunga ng'ombe wa mtu.

Miaka minane. Kila kilima nilichotazama nilikiona kimebonyea. Mwisho nikarudi.

Nilimkuta Mzee amekaa nje ya nyumba ya mwanawe Paskali, amezeeka ghafla, macho hayaoni tena. Alinitambua kwa sauti. "Mnyaturu! Bado unauliza maswali?" Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Nguzo, masizi, korongo, panya, kuni. Sikuficha kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatafuta kichwa changu kwa mkono, akanipapasa kama mtoto.

"Asante, mwanangu. Una moyo mzuri."

"Mzee, ni kweli! Ni mimi!"

"Nakujua wewe. Kila mtu ulimpa hadithi aliyokuwa anaitaka. Leo umeona mimi ninavyoteseka, ukaniletea ya kwangu." Akatikisa kichwa. "Usinidanganye. Najua mikono yangu ilifanya nini."

Niliapa. Nikamwapia kwa mama yangu. Akamwita mkwewe aniletee uji.

Utaniuliza, kwa nini usiende kwa shemeji zake? Niliogopa. Wana mapanga, na mimi napenda kuishi, hata hivi. Mwaka jana nikasikia Mzee amefariki. Shemeji zake walikataa azikwe karibu na mkewe, wakasema muuaji asilale pembeni ya aliyemuua. Paskali akamzika upande mwingine wa shamba, peke yake.

Hata hapa sikuweka jina langu. Umeona nilivyo?

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anabeba kosa lako, iwe nyumbani, kazini au popote, nenda leo. Nenda kabla hujanawa hata mikono! Akupige, akufunge, akutemee mate, lakini aambiwe akiwa bado anaweza kukuamini. Mimi nilikwenda nikamkuta ameishi na kosa langu muda mrefu hadi likawa lake. Nilimwomba anirudishie, akakataa.