Mama Asishtuliwe

Shuleni walimwita Swala, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Ana miaka kumi na mitatu, miguu mirefu kama fito, na akichomoka mstarini wenzake wanabaki kula vumbi. Jumanne iliyopita aliwabwaga wote katika mbio za mita mia nane, akachaguliwa kuingia timu ya wilaya. Shule nzima ilimbeba juujuu! Nyumbani je? Nyumbani mama hakujua hata kama mwanawe anakimbia.

Usishangae, ngoja nikueleze. Mama yake ni fundi cherehani. Anashonea sare za shule barazani, mguu mmoja kwenye cherehani, mwingine juu ya kigoda kwa sababu miguu yake inavimba. Moyo wake umetanuka. Ni ugonjwa wa kuishi nao huo: vidonge asubuhi, vidonge jioni, chumvi marufuku, kliniki kila mwezi. Miaka miwili nyuma, siku alipotoka kulazwa, baba yao, dereva wa lori asiye na maneno mengi, aliwasimamisha mabinti zake wawili mlangoni. "Daktari kasema mama yenu asishtuliwe," aliwaambia. "Ole wenu!" Kisha huyo, akapanda lori lake akaenda zake.

Basi! Watoto wakalipokea neno hilo kama sheria. Wakawa wanatembea kwa ncha za vidole, na mlango wanaurudisha polepole usije ukabamiza. Na Swala, kwa kuwa ndiye mkubwa na akili yake haijui kutulia, akapiga hesabu zake: kama habari mbaya inashtua, nzuri si inashtua vilevile? Si watu huruka wakapiga kelele? Akapitisha azimio kwamba mama haambiwi kitu. Alipokuwa wa kwanza darasani, alisema tu, "Matokeo ya kawaida, mama." Mdogo wake wa miaka minane, aliyeitwa Redio kwa jinsi anavyopayuka, alikatazwa hata kucheka barazani. Maskini Redio wa watu, akawa anakimbilia nyuma ya choo, anacheka huko, akimaliza anarudi na uso mkavu.

Na siri inachosha jamani! Swala alizitafuna kucha mpaka zikaisha. Akiwa darasani, pikipiki ikisimama tu getini, roho inamruka: haya, wamekuja kuniita. Mama naye akijisifu kwa wateja, "Wangu wapole hao, hata hutajua kama wapo." Ila wateja wakiondoka, alikuwa akikaa na sindano mkononi, akausikiliza ule ukimya wa nyumba yake, asiupende hata kidogo.

Sasa njoo Ijumaa. Fomu ya mashindano inataka sahihi ya mzazi, baba yuko safarini, na mwalimu wa michezo kasema saa kumi ikigonga bila fomu, nafasi anapewa msichana wa pili. Saa tisa na robo Swala kasimama barazani, jasho linamtiririka.

"Mama," alianza kwa sauti ya chini, "hebu kaa vizuri."

"Nimekaa."

"Egemea ukuta. Vuta pumzi. Au unywe maji kwanza."

Mama akasimamisha cherehani. "Mwanangu, nani amekufa?"

"Hakuna! Kuna jambo tu. Si baya. Ni zuri, lakini si zuri sana. Ni zuri kiasi."

Saa tisa na nusu bado yuko hapo hapo kwenye zuri kiasi. Redio alikuwa ameng'ata ukosi wa gauni lake mpaka ukalowa, na mwisho uvumilivu ukamwisha.

"DADA KASHINDA! Kaingia timu ya wilaya! Kawaacha wote, mama, woooote!"

Mama akashika kifua. Swala akamgeukia mdogo wake.

"Umemuua! Redio, umemuua mama!"

Aliyeuawa akainuka kitini, miguu yake iliyovimba na yote, akapiga kigelegele kilichomtoa mwenye duka la jirani mbio. Akapiga cha pili!

"Mama, moyo wako!"

"Upo! Nani kawaambia furaha inaua?"

"Si baba alisema usishtuliwe."

Mama akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akatafuta pa kushika. "Honi, jamani! Daktari alikuwa anamgombeza baba yenu aache kunipigia honi ya lori dirishani akirudi! Haya, mmenificha nini kingine?"

Weee! Yalimwagika hayo! Swala wa kwanza darasani mara tatu. Swala kiranja. Redio anasoma kitabu kizima peke yake. Redio kaimba mbele ya wageni, kashangiliwa. Walikatizana, walisukumana, na mama alicheka huku machozi yanamtoka, kwa sababu yote hayo yalikuwa yake na yalimpita.

Alitia sahihi. Saa kumi kasorobo. "Haya, kimbia!"

Swala hakuondoka.

"Mama, na ukifa nikiwa huko?"

Mama alimvuta binti yake akamkumbatia, na hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Hata mimi naogopa. Lakini nameza dawa zangu, na nikizidiwa nitakwambia, sitakuficha. Na wewe ukiogopa njoo uniambie mimi. Usikae nayo tumboni peke yako."

Swala akalia kwa sauti, ndani ya nyumba ile, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Mama alimwacha alie, kisha akamfuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Sasa nionyeshe," alisema. "Watu wote wamekuona ukikimbia isipokuwa mimi."

Swala akachomoka. Alipokaribia kona alisikia kelele za mama zimeifunika sauti ya Redio, naye akaongeza mwendo.