Swali Lisiloulizwa Juu ya Genge

Lori la mawe lilikuwa bado linakoroma mlimani dereva alipomwambia mgeni kwamba akipenda asafiri hadi mwisho wa dunia, lakini yeye mwisho wake ni hapa. Mgeni akashuka, mkoba begani, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Hakupajua mahali hapo. Alikuwa amepita miji mingi, anasema lugha sita na kuomba maji kwa nyingine nne, na kila alikofika aliwauliza watu swali moja, akaandika majibu daftarini.

Alikuwa juu ya genge la machimbo, limekatwa wima kama mkate, na karibu na ukingo palikuwa na kibanda cha mabati. Kila baada ya muda kokoto moja ilidondoka gengeni, ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Kibandani alikaa mwanamke wa makamo, akipitisha kamba vidoleni polepole kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Wote walimwita Mama Kamba. Baruti ikishapasua jabali, ukutani hubaki mawe yaliyolegea, na lazima mtu ateremshwe kwa kamba, mtalimbo wa chuma mkononi, ayaangushe kabla hayajawaangukia walio chini. Nani ashuke na nani asishuke, aliamua yeye. Mwaka wa kumi na tisa huu.

"Karibu," alisema bila kuinua macho. "Usikanyage kamba. Ikikanyagwa hununa."

Mgeni akaketi juu ya ndoo. Walipokwisha kujuliana hali akatoa swali lake, kwa wepesi wa mtu anayeomba kiberiti. "Mama, wewe unaonaje, maana ya maisha ni nini?"

Wanaume watatu waliokuwa mlangoni wakifunga mishipi waliacha kufunga. Mama Kamba aliinuka, akamzungushia mgeni kamba kiunoni, akapiga fundo, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya kibanda.

"Kesho utafanya nini?"

"Mimi?"

"Kuna mwingine niliyemfunga?"

Mgeni akasema kesho anataka kununua soksi, maana alizovaa zimetoboka vidoleni.

Wale watatu wakapumua. "Huyo mzima," mmoja alisema. "Mwenye shida ya soksi hafi leo."

Mama Kamba alifungua fundo, lakini hakucheka nao. Walipoondoka, alirudi kwenye kamba yake na kusema kama anayeendelea na mazungumzo ya zamani.

"Kaka yangu aliniuliza hivyohivyo, amekaa hapo ulipokaa. Nami wakati ule nilikuwa hodari wa maneno. Nikamjibu vizuri, habari za watoto, habari za kuacha jina jema. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, 'Umesema kweli, mdogo wangu.' Akashuka." Vidole vyake vilisimama. "Kamba ilirudi nyepesi. Na ilirudi nzima, haikukatika popote."

Mgeni hakuandika.

"Tangu siku hiyo simjibu mtu. Watu hawaulizi maana, baba. Mmoja anauliza kama anaruhusiwa kuchoka. Mwingine ana njaa tu, mpe chai uone swali linavyokimbia. Lakini yupo anayeuliza kama mtu ataona akikosekana. Mimi huku juu sina muda wa kuchambua yupi ni yupi. Kwa hiyo kila asubuhi namuuliza kila mtu kesho yake. Asiye na kesho hashuki."

"Hata akiuliza kwa mzaha?"

"Kaka yangu alikuwa anacheka."

Karibu na saa nne mawingu yalilala juu ya genge. Nyapara alipanda kutoka chini, shati limemganda mgongoni. Jiwe la ukubwa wa mlango lilikuwa limefunguka juu ya njia ya malori. Mvua ikiingia nyuma yake, litashuka na kila lililo chini yake. Wa kuliweza jiwe lile alikuwa mmoja tu, mume wa mdogo wake Mama Kamba, ambaye machimboni kote aliitwa Shemeji kwa kumfuata yeye. Njiani dereva alikwisha kumdokeza mgeni kwamba mke wa Shemeji huyo alihama na watoto miezi miwili iliyopita, akaenda kukaa ng'ambo ya mlima.

Shemeji alikuja amenyoa ndevu vizuri, mpole kuliko mtu yeyote aliyeonekana siku ile. Alivua saa akaiweka mbele ya Mama Kamba.

"Nishikie, shemeji. Au baki nayo tu, itakupendeza mkononi."

"Kesho utafanya nini, shemeji?"

"Kesho ni ya Mungu."

"Ya Mungu naijua. Nauliza yako."

Shemeji akacheka. "Siku hizi umekuwa polisi." Kisha akatazama nje, palipokuwa hakuna kitu ila mawingu. "Hebu niambie wewe. Haya yote ni ya nini?"

Kokoto ikadondoka, ikagonga, ikagonga.

"Hushuki," alisema Mama Kamba.

Nyapara alidhani hakusikia vizuri. "Mama, jiwe halijui kesho ya mtu."

"Watoe watu wako chini."

"Nifunge machimbo kwa ajili ya neno moja?"

"Kwa ajili ya neno moja."

"Basi nitamshusha mwenyewe. Kazi yako imekwisha leo. Acha kamba, uende."

Mama Kamba aliikunja kamba taratibu, duara juu ya duara, akaitia begani. Ilikuwa ndiyo pekee yenye urefu wa kulifikia jiwe lile. Nyapara akaangalia kamba, akaangalia mawingu, akatukana kwa sauti ya chini kisha akateremka mbio. Punde filimbi ikalia, na watu wakaanza kutoka chini ya ukuta, wadogo kama punje.

Shemeji alikuwa amekwisha kuketi ukingoni, miguu inaning'inia.

"Twende nyumbani," Mama Kamba alimwambia.

"Siendi popote, shemeji. Nimekaa tu."

Akamwendea kwa nyuma, akamvisha saa mkononi. "Nakwenda kumwita mke wako. Saa sita niwe nimerudi naye. Nikichelewa, unisute mbele yake." Shemeji hakuivua saa.

Alipompita mgeni, Mama Kamba alisimama kidogo. "Kamba nimeichukua," alisema. "Genge siwezi kulibeba. Kaa naye." Akashika njia ya mlimani, na tone la kwanza la mvua likapiga bati.

Mgeni aliketi ukingoni, si karibu sana. Shemeji alisema bila kugeuka, "Wewe umetembea. Huko wanasemaje, maisha yana maana gani?"

Ndani ya mkoba mlikuwa na kurasa arobaini za majibu, mengine mazuri ajabu. Mgeni hakuufungua.

"Kesho utafanya nini?" aliuliza.

Mahali fulani chini ya miguu yao jiwe kubwa lilitoa mlio mfupi, kama mlango unaojaribiwa.

"Mimi kesho nanunua soksi," mgeni akasema. Akavua kiatu, akamwonyesha kidole gumba kilichochungulia nje. "Sijui duka liko wapi. Sina wa kunipeleka."

Shemeji alikitazama kile kidole muda mrefu.

"Duka liko mbali," alisema mwishowe.

"Nina siku nzima."

Kwenye kona ya njia, Mama Kamba alikuwa bado anaonekana, kamba nyeupe begani, anakaza mwendo mvuani. Hakugeuka nyuma. Shemeji alitazama saa.