Kalamu Isiyo na Wino

Namshukuru Mola aliyeniachia macho na mkono imara hadi uzeeni.

Dada yangu alitoka Salale na picha pekee ya marehemu mama, iliyoloweshwa na mafuriko. Doa lilimfunika shavu. Nina studio ya picha hapa Kibiti, nikaiingiza picha kwenye kompyuta, lakini kila nilipolifuta doa kwa mausi, iliruka ikamega ukingo wa jicho.

Nikatoa kabatini kibao cha kuchorea kwenye kompyuta, pamoja na kalamu yake. Binti yangu alinipa, nami sikukiamini.

“Haina wino wala waya,” dada akasema. “Umeuziwa kijiti, kaka!”

“Hata mimi naishuku.”

Mkono uko hapa, mstari unatokea kule kwenye kioo. Nikakipakata kibao kama ubao wetu wa chuoni tulikosomea Kurani, nikasema bismillahi. Doa likaondoka taratibu, jicho likabaki salama.

Dada akanogewa. “Basi mtoe na makunyanzi.”

Nikaiweka kalamu chini. “Inayotii hivi itatufutia mama mwenyewe.”

Mausi nimeiacha. Kalamu naitumia, ila naulinda mkono wangu usifute zaidi ya doa.

Msomaji, Mola akuhifadhie nyuso za wazee wako.