Nilikemea Pepo, Mtaa Mzima Ukakimbia

Jamani, hii aibu nimeificha vya kutosha, na kwa kuwa nusu ya kanisa letu wanaisimulia kwa chumvi zao wenyewe, bora niwaambie mimi mwenyewe yaliyonikuta, mcheke mara moja yaishe.

Mimi nauza vipuri mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, dukani kwa mjomba. Jumamosi ile vijana wa kanisani tulikubaliana kuingia Kariakoo wawili wawili, tuwaombee watu tusiowajua, hapohapo walipo, kwa imani. Nikapangwa na Upendo, dada mwenye imani ya kuhamisha milima, na sauti ambayo ingeihamisha hata bila imani. Mimi nilikuwa nasali kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, basi Upendo akanisema njia nzima: "Frank, leo utoe sauti. Pepo haogopi kunong'onezwa." Nikaamua, haya, leo natoa sauti. (Uamuzi ulioniletea aibu yote ndio huo. Mdogo tu.)

Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika, turubai za wamachinga zimegusana mpaka katikati ya barabara. Tukamwona mama mmoja aliyejitanda mtandio, anauza midoli ya watoto, anainuka huku anachechemea, uso kaukunja. Upendo akanifinya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni."

"Mama, mguu unauma?"

"Unauma huo, acha tu."

Tukamwambia tunaomba kumwombea. Akatutazama na tisheti zetu za bluu zinazofanana, akasema, "Mimi Mwislamu, lakini dua haikataliwi. Fanyeni haraka tu, wateja wasinipite."

Nikapiga magoti pembeni ya turubai, nikafumba macho, nikaanza taratibu. "Sauti, Frank!" Nikatoa sauti. Na kumbe mimi nikishaitoa (sikujua, maana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza) sijui kuirudisha: "Toka! Nasema toka! Ondoka sasa hivi! Huna haki ya kukaa hapa! Achia hilo eneo!"

Sasa ndugu zangu, hebu jiwekeni kwenye nafasi ya machinga aliyeko turubai ya nne, haoni aliyepiga magoti, anachosikia ni mwanaume anafoka ondoka, huna haki ya kukaa hapa. Mmoja, akidhani ni askari wa jiji wamekuja kuwafukuza, akapaza sauti: "Mgamboo!"

Basi. Nilipofumbua macho mtaa ulikuwa unakunjwa, turubai zinashikwa pembe nne, meza za miwani zinapita juu ya vichwa vya watu, na mgonjwa wangu ameshatupia mzigo mmoja mgongoni, wa pili akanisukumia kifuani: "Mwanangu nibebee, mwezi uliopita walinichukulia vyote!" Akatimka. Nawaambia alitimka, mtandio ukabaki hewani. Nyuma yangu Upendo analia kwa furaha: "Anakimbia! Kiwete anakimbia!"

Ningefanyaje? Nikakimbia nimeukumbatia mzigo, na ndani ya ule mzigo kulikuwa na magari ya polisi ya kuchezea, yale ya betri, na nilivyoyatikisa yakawaka yote, ving'ora uwii uwii uwii kifuani pangu, kwa hiyo kila ninayemkaribia akisikia king'ora anaongeza mwendo, na mimi nikimwona ameongeza nami naongeza, nikajikuta nawafukuza watu wa Mungu mpaka kona ya pili bila kujua. Hapo nikawa nimempoteza mama. Na hapo ndipo muuza mikanda mmoja aliponitazama vizuri.

"Wee, huo si mzigo wa Mama Zuhura? Mwizi!"

Hilo neno Kariakoo halina mchezo. Nilishikwa kola, kofi la kwanza likatua, nikaona mtu anainama kuokota tofali, na ile sauti yangu yote ya kukemea imekauka, nimebaki na ving'ora tu. Nilijua nakufa na midoli mikononi.

Ni Mama Zuhura aliyerudi akiwapasua watu kwa viwiko. "Mwacheni! Huyo si mwizi, huyo ni mlokole wangu!"

Wakaniachia. Muuza mikanda akaangalia huku na huku. "Sasa mgambo wako wapi?" Hakuna mgambo. "Na nani aliyesema tuondoke?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mimi. Nilikuwa namwambia pepo."

"Pepo gani?"

"Wa mguu."

Mama Zuhura akashika kiuno. "Mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi, mwanangu. Nimekaa tangu asubuhi!"

Walicheka hao watu, aliyeokota tofali akalikalia ili acheke vizuri. Jioni yote nikashinda naokota miwani ya watu na kupanga midoli, kila anayepita ananiuliza kama anaruhusiwa kukaa.

Nikadhani yameisha. Kumbe Upendo alisharekodi ujumbe wa sauti, kiwete amekimbia Kariakoo, akautuma kwenye kundi la kanisa, na Jumapili mchungaji akaniita mbele.

"Kijana, huyo mama alikuwa anachechemea?"

"Ndiyo, mchungaji."

"Na ulipomwombea akakimbia?"

"Alikimbia sana."

Vigelegele. Mama zangu wa kwaya wamesimama, Upendo anafuta machozi, na mimi naogopa kuliko nilivyoliogopa lile tofali, maana ningenyamaza tu, muujiza ungebaki wangu.

"Alikimbia kwa nguvu za nani?"

"Za mgambo, mchungaji."

Bado natoka Jumamosi, msidhani niliacha. Ila nimeapa: kwanza namuuliza mtu anaumwa nini na amekaa muda gani, macho sifumbi, na neno "toka" halinitoki tena ndani ya Kariakoo. Kama kuna pepo anataka kukemewa, anifuate Gerezani.