Walioogopa Swali Kuliko Kisu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, kipande cha sabuni na kitanda cha kujifungulia kilichokuwa bado na damu. Metroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali, alisimama mlangoni akinitazama ninavyosugua. Alikuwa Mngoni mrefu, mkavu wa maneno, na viatu vyake vyeupe sikuwahi kuviona na doa hata wakati wa masika.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Darasa la saba, Metroni."

"Unaogopa damu?"

"Damu siogopi. Naogopa kelele."

"Basi umekuja pabaya." Akacheka kidogo. "Huku wanawake wanapiga kelele, na ni haki yao. Atakayewakaripia wanyamaze nitamfukuza mimi mwenyewe."

Nilikuwa na sababu ya kuogopa kelele, na nitaieleza mbele. Hospitali yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa hapa hapa Songea, na wengi wenu mlizaliwa humo.

Nilianza kama mhudumu. Nilifua mashuka, nikachemsha vyombo, nikapeleka kondo la nyuma shimoni. Baadaye Metroni alinipeleka kwenye mafunzo ya uuguzi msaidizi, nikapangiwa zahanati moja njia ya kwenda Tunduru, ambako nilijifunza kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa pembe. Pembe ni kifaa kama faneli ndogo. Unaweka upande mpana tumboni mwa mama na sikio lako upande mwingine, unafumba macho. Kisha nikarudishwa mjini, safari hii chumba cha upasuaji. Huko ndiko nilikokaa mpaka nastaafu.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa. Nilitunza otoklevu, sufuria kubwa la chuma linaloua vijidudu kwa mvuke. Letu lilitumia mafuta ya taa na lilinijua kuliko watoto wangu. Nilikata gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufyonza damu, na kuzikunja kingo kwa ndani, ili uzi usibaki tumboni mwa mtu. Nilizihesabu kabla ya kupasua na baada ya kupasua, na daktari hakushona mpaka niseme zimetimia. Mtoto akitoka, aliwekwa kwenye kitambaa nilichokipasha moto mimi. Najivunia kitambaa hicho. Watu wengi wa mji huu walikigusa kabla hawajaguswa na mama zao.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Mitumba ilijaa sokoni, maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa, na kule Tunduru watu walianza kupata mawe ya thamani na kujenga nyumba za bati. Hapo ndipo tulipoanza kuwapokea wanawake wa aina mpya: waliokuja wakitembea vizuri, hawana damu wala kifafa, uchungu haujaanza, wakaomba kupasuliwa. Zamani oparesheni ya kuzaa ilikuwa jambo la dharura, mtu analetwa na machela ndugu wakilia. Sasa mtu anakuja na begi lake na kanga mpya.

Metroni hakuwapenda. "Tumbo si begi la kufungua zipu," alisema. Alikuja mke wa mnunuzi wa mawe akitaka kuchagua siku, kwa kuwa mume wake alikuwa na safari. Daktari alimwambia asubiri, naye akajifungua mwenyewe, akitutukana wote mpaka na otoklevu. Alikuja mwalimu aliyepasuliwa mwanzo, akihofia kovu lisifumuke. Walikuja wa mbali walioogopa mvua: uchungu ukianza na barabara imekatika, utapita wapi? Na wengine waliogopa maumivu tu, nami sikuwacheka, maana wanaocheka woga huo mara nyingi ni watu wasiozaa.

Sababu hizo nilizielewa. Ile niliyokuwa naijua toka utotoni lakini sikuwahi kuisikia ikisemwa kwa mdomo, niliipata kwa Zuhura.

Zuhura alitoka Nakapanya, upande wa Tunduru. Alikuja na wifi yake, dada mkubwa wa mume, aliyeitwa Bi Habiba. Mume, Saidi, alibaki Tunduru akiuza korosho zake. Mimba ilikuwa imekomaa. Daktari wa wodi ya wazazi, mtu wa Umatengo, mpole, aliyekuwa akinawa mikono polepole kama anayefikiri, alimuuliza kwa nini anataka oparesheni.

"Naogopa uchungu," akajibu huku akitazama sakafu.

"Kila mwanamke anaogopa uchungu, mama. Tulia, tusubiri."

Bi Habiba alifurahi. Wodini aliongea kwa sauti ili vitanda vyote visikie. "Nilimwambia! Kwetu mwanamke anazaa, hachinjwi. Ati kisu! Bibi yetu kazaa shambani, kafunga mtoto mgongoni, kamalizia mstari wake wa mihogo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akamjibu, "Na wewe Bi Habiba, mihogo yako umemwachia nani?" Wodi ikacheka. Zuhura hakucheka.

Siku zisizo na upasuaji nilisaidia wodini. Nilipokwenda kumbadilishia shuka, wifi yake akiwa nje anapika uji, alinishika kiganja. "Mama nesi, nimemdanganya daktari. Uchungu siuogopi. Naogopa swali."

Sikumwuliza swali gani.

Kwa vijana mnaosoma: zamani, na pengine mahali pengine mpaka leo, mwanamke akichelewa kujifungua wazee wa kike walimkalia wakamwambia mtoto amezibwa na uongo. Ataje wanaume aliotembea nao nje ya ndoa, njia ifunguke. Desturi hii niliikuta kwa Wamatengo na Wangoni, nikaikuta na Tunduru. Hawakufanya kwa ukatili. Waliamini wanamwokoa.

Dada yangu Kostansia aliulizwa hivyo, kijijini kwetu, milimani. Mimi nilikuwa msichana, nachemsha maji nje ya ukuta, na zile kelele ndizo nilizomwambia Metroni. Kostansia alisema hana mtu. Wakamwuliza tena. Kuelekea jioni alitaja jina, la fundi aliyekuwa amekuja kutujengea tanuri la matofali. Wanawake wakashukuru, wakasubiri njia ifunguke. Haikufunguka. Alizikwa na mtoto wake ndani, na jina lile likabaki juu ya ardhi. Mama yangu aliacha kuimba kanisani tangu siku hiyo. Mimi sikulia mbele ya watu, nilikwenda kufua.

Zuhura naye alikwishaulizwa, kwa mimba ya kwanza. Hakuwa na mtu wa kumtaja na hakumtaja mtu. Mtoto alitoka amekufa. Tangu hapo majirani walisema alikufa kwa sababu mama ni mkaidi.

"Uchungu ukianza, atauliza," alisema akimaanisha wifi yake. "Ndiyo maana amekuja nami. Safari hii nikinyamaza, mtoto akifa, nimemuua mimi. Nikisema, nimemuua mtu mwingine."

Nikamwambia, "Hayo mwambie daktari. Mimi nitakuwepo."

Alimwambia kesho yake asubuhi, kwa sauti ndogo, kucha zake zimezama mkononi mwangu. Daktari alikaa kitini, jambo ambalo hakulifanya wakati wa kuzungukia wagonjwa. Alimpima tena nyonga, akasikiliza mtoto.

"Naweza kumzuia wifi yako asiingie leba," akasema.

"Mlangoni utamzuia, daktari. Kichwani mwangu je? Uchungu ukinishika nitamsikia tu."

Daktari akamwangalia usoni. "Nitakueleza kama yalivyo. Tukisubiri, tukakuangalia kwa karibu, pengine utajifungua mwenyewe. Pengine hutaweza, nami nitakupasua wakati huo. Naweza pia kukupasua kabla. Kisu nacho kina mambo yake: damu, homa, na kovu ambalo kila mimba itabidi liangaliwe hospitalini. Wewe ndiye utakayelibeba. Unataka nini?"

Katika miaka yangu yote ya wodi ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia mwanamke akiulizwa hivyo. Zuhura mwenyewe alidhani hajasikia vizuri.

"Nataka kabla."

"Haya." Akanigeukia. "Mama Redemta, andaa vyombo."

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini enzi zile bila sahihi ya mume hakuna kupasua kwa kupanga. Saidi alitumiwa ujumbe kwa dereva wa basi, na Bi Habiba alipojua aliketi mlangoni mwa wodi kama askari.

"Nesi," akaniambia, "unajua watasemaje? Watasema aliificha siri mpaka ikafuatwa kwa kisu. Nyinyi mnamsitiri leo, kijijini atakuwa uchi maisha yake yote."

Na hapo alisema kweli. Zuhura alisikia, akageukia ukutani, na nilipompelekea chai hakuinywa. Nilijua anapima upya: swali mara moja, au minong'ono mpaka kaburini.

Saidi alifika amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alimwamkia Metroni, akasalimia wodi nzima, akasimama kati ya mke na dada. Bi Habiba akaanza: "Mdogo wangu, usitie mkono kwenye karatasi ile. Mwache azae kama wenzake. Akikwama, mimi mkubwa wake nipo, najua la kufanya."

"Najua unajua, dada," alisema Saidi. "Mara ile nilikaa barazani nikawa nawasikia mnamwuliza. Nilinyamaza. Mtoto wangu alikufa nimenyamaza." Akamgeukia mkewe. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kabla, baba. Lakini watasema."

"Waseme kwangu. Atakayetaka jina la mwanaume, mpeni la kwangu."

"Wewe mtoto umelogwa na mjini!" Bi Habiba akapiga makofi ya mshangao.

"Nimefika sasa hivi, dada. Hata maji sijanywa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika tumbo. Saidi akatia sahihi.

Asubuhi ya oparesheni jenereta lilikubali mapema. Zuhura alichomwa ganzi ya mgongo, inayoua maumivu kuanzia kiunoni kwenda chini huku mtu akiwa macho. Nilisimama kichwani pake. Kitambaa kilikuwa tayari kimepashwa moto. Alisoma dua kimya, midomo ikitembea, nami niliendesha rozari yangu moyoni. Kisha kikaja kilio, kikali, chenye hasira, na Zuhura akasema "Eh!" kama mtu aliyeitwa na anayemfahamu. Mtoto wa kike. Nilihesabu gozi zangu zikatimia, daktari akashona.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi baada ya hapo. Alipata homa, kidonda kikatoa maji, alikohoa akishikilia tumbo kwa mto. Wenzake waliojifungua kawaida waliondoka wakitembea, yeye akabaki. Kisu hakimpi mtu kitu bure. Kila msichana anayeniuliza namwambia hivyo kwanza.

Bi Habiba hakuingia wodini siku ile wala iliyofuata. Kisha nilimkuta bombani anafua nepi. Aliosha nepi moja kwa muda mrefu.

"Alitoka analia?" akaniuliza bila kuinua uso.

"Alitoka analia, dada."

"Na hamkumwuliza mama yake kitu?"

"Daktari alimwuliza anataka nini. Basi."

Alikamua nepi, akaianika, akainyoosha pembe zake. "Mimi mwenyewe niliulizwa," akasema. "Kwa Saidi tu ndiyo hawakuniuliza, maana huyo alizaliwa na mama." Sikuielewa ile kauli mara moja, mpaka aliponiambia kwamba yeye hana mtoto hata mmoja aliye hai, na kwamba Saidi, mdogo wake, ndiye aliyemlea kama wa kumzaa. Alichukua ndoo, akaenda wodini, na niliporudi nilimkuta amempakata mtoto.

Metroni alistaafu kabla yangu. Siku ya kumuaga alinivuta pembeni. "Wale wa begi lenye zipu," akasema, "uwaulize kwanza wanaogopa nini. Mimi sikuwauliza." Akaondoka na viatu vyake vyeupe.

Sasa naishi Mfaranyaki, hapa hapa Songea. Wasichana huja kibarazani, "Shikamoo bibi, nisukume au nipasuliwe?" Wananiona kama nina jibu. Nawauliza wanaogopa nini, halafu nawatuma kwa daktari wakayaseme hayo hayo. Kuzaa kwa kawaida nimekushuhudia na ni jambo zuri. Wanawake waliopasuliwa nao ni mama kamili, na anayesema hawakuzaa hajawahi kusimama kichwani pao.

Jambo moja lilinibakia. Nilipostaafu nilipanda gari kwenda milimani kwetu, nikasafisha kaburi la Kostansia, kisha nikauliza kama yule fundi yuko hai. Alikuwa hai, mzee sana, anaishi peke yake. Baada ya jina lake kutajwa mke alimwacha, na watu hawakumpa tena kazi ya kuwajengea. Nilimkuta amekaa juani anachambua maharage.

"Shikamoo, baba. Mimi ni mdogo wake Kostansia."

Alisimamisha mikono. "Marahaba."

"Nimekuja kukuambia alisema uongo. Alikuwa anaumwa, na walikuwa wanamwuliza."

"Nilijua, mwanangu. Najua niliyoyafanya na nisiyoyafanya." Alisogeza ungo, akanipa nafasi. "Sikuwahi kumkasirikia. Mtu anayeungua hushika chochote. Wewe ulifanya kazi gani?"

"Hospitali, baba. Wodi ya wazazi, kisha chumba cha upasuaji."

Alichambua kidogo, akatupa jiwe pembeni.

"Na huko," akasema, "mlikuwa mnawauliza majina?"

"Kwangu mimi, baba, hakuulizwa hata mmoja."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukamalizia maharage pamoja.